UZI: Dawa za tumbo. Bahasha imeandikwa "1x2", mgonjwa aambiwe nini?

#1 nesi_mpondwe

Habari za kazi, jamani. Uzi huu ni wa wauguzi, wakunga na wenzetu wa maduka ya dawa tunaohudumia watu kwa Kiswahili huku Kasese, Arua, Busia, Nakivale na kwingineko Uganda. Tuongee kuhusu dawa za tumbo, hasa yale maneno ya dakika mbili tunayompa mgonjwa pale dirishani.

Hoja yangu ni moja. Dawa nyingi za tumbo zinashindwa kwa sababu ya saa. Dawa yenyewe mara nyingi haina kosa. Bahasha ikiandikwa "1x2" (kidonge kimoja mara mbili kwa siku), mgonjwa anapata idadi tu, na wengine hata idadi hawapati: wanasoma "vidonge viwili mara moja". Hajui kama ni kabla ya kula au baada, wala hajui dawa ipi isiwekwe karibu na ipi.

Chukua omeprazoli ya 20 mg, dawa ya kupunguza asidi tumboni. Tunamwambia "asubuhi kabla ya kula", tunamwita anayefuata. Sasa mkulima anaamka saa kumi na mbili, anameza, anakwenda shambani, chai na muhogo anakuja kuvipata saa nne. Omeprazoli haikai damuni muda mrefu, nusu yake inaondoka kwa muda wa kama saa moja. Na inazifunga pampu za asidi zile tu zilizoamka, nazo huamka chakula kinapoingia. Kufikia saa nne pampu zinaamka, dawa imeshapungua. Kwa hiyo usiulize "asubuhi unaweza kumeza?" Uliza "chakula cha kwanza unakitia mdomoni saa ngapi?" Akisema saa nne, basi dawa ni saa tatu na nusu, na aibebe kwenye mfuko kwenda shambani. Nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula, hapo ndipo inafanya kazi.

Jambo la pili: mwambie mapema kwamba omeprazoli haitulizi kiungulia papo hapo. Nguvu yake inajengeka kwa siku 3 au 4. Asipoambiwa hivyo, siku ya pili anarudi kusema dawa ni dhaifu, au anaongeza vidonge mwenyewe, au anakwenda duka la dawa kununua kingine. Siku hizo za mwanzo anaweza kutuliza moto kwa vidonge vya magnesiamu vya kutafuna, ila navyo vina mambo yake. Nawaachia wenzangu.

#2 mfamasia_arua

Sista umeanza vizuri. Niongeze kuhusu kapsuli yenyewe.

Ndani ya kapsuli ya omeprazoli kuna chembe ndogo ndogo, na kila chembe imevikwa ganda lake. Ganda hilo linailinda dawa isiharibiwe na asidi tumboni hadi ifike kwenye utumbo mdogo. Mtu akitafuna, au muuguzi akisaga ili ampe mgonjwa asiyeweza kumeza, asidi inaila dawa kabla haijafika. Akishindwa kumeza kapsuli nzima: ifungue, mimina chembe kwenye kijiko cha juisi ya machungwa au ya pasheni, ameze bila kutafuna, asukumie kwa maji, na ndani ya nusu saa iwe imekwisha. Usitumie maziwa. Maziwa hayana ukali wa kutosha, ganda linaanza kuyeyuka humo humo kijikoni.

Kwa mgonjwa mwenye mpira wa kulishia puani, chembe hizo zinaziba mpira, hasa ule mwembamba. Uliza kama ya sindano ipo. Ya sindano ya 40 mg ikisukumwa moja kwa moja kwenye mshipa, isipungue dakika 2 na nusu. Ikiwekwa kwenye 100 ml ya maji ya chumvi ya dripu, itiririke kwa dakika 20 hadi 30.

Sasa magnesiamu. Vile vidonge vya kutafuna tunavyovijua vina magnesiamu trisiliketi 250 mg na alumini haidroksaidi 120 mg. VITAFUNWE mpaka viwe unga, kisha maji. Anayevimeza vizima anapoteza sehemu kubwa ya faida. Wakati wake ni saa 1 hadi 3 baada ya kula, na wakati wa kulala. Akila kwanza, chakula kinaizuia dawa isitoke tumboni haraka, kwa hiyo inamkaa muda mrefu zaidi kuliko akitafuna tumbo likiwa tupu. Magnesiamu inalegeza choo, alumini inakifunga, na mgonjwa mmoja anaweza kupata lolote kati ya hayo mawili. Mwenye ugonjwa wa figo asipewe kabla hujauliza, maana magnesiamu inajikusanya mwilini.

Na hapa ndipo hatari kubwa ilipo kwetu Uganda: DOLUTEGRAVIRI. Wagonjwa wengi wa ART (dawa za VVU) wako kwenye kile kidonge kimoja cha TLD, chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Magnesiamu na alumini zinaishika dolutegraviri tumboni, haiingii damuni ya kutosha. Kanuni: TLD imezwe saa 2 kabla ya magnesiamu, au saa 6 baada yake. Kula chakula pamoja hakusaidii kitu hapo. Omeprazoli haina shida na dolutegraviri. Wenye shida na omeprazoli ni walio kwenye atazanaviri, dawa za mstari wa pili. Hao usiwape omeprazoli, warudishe kwa aliyewaandikia.

#3 nesi_mpondwe

Mfamasia, asante sana. Ili lisibaki la kusoma tu, hii hapa ratiba ninayoiona inakaa vizuri kwa mtu wa TLD mwenye vidonda vya tumbo, anayekula saa nne asubuhi, saa saba mchana na saa moja jioni:

saa 3:30 asubuhi omeprazoli, saa 4 chai, saa 7 chakula cha mchana, saa 8 mchana magnesiamu, saa 1 jioni chakula, saa 2 usiku TLD (saa 6 kamili zimepita tangu magnesiamu), saa 4 usiku magnesiamu ya kulalia (saa 2 baada ya TLD).

Ukisogeza magnesiamu ya mchana hadi saa kumi, TLD lazima isogee hadi saa nne usiku, na ile ya kulalia inakosa nafasi. Mwambie mgonjwa hivi: TLD haihami. Magnesiamu ndiyo inayozunguka, na siku ikigongana na TLD, magnesiamu inaachwa.

Na usiulize "umeelewa?" Kila mtu atasema ndiyo, musawo. Mpe bahasha mkononi, mwambie: "Mama, nieleze kesho utafanyaje tangu ukiamka." Utasikia penye tundu.

#4 mwanafunzi_diploma2

Samahani sista, nina maswali mawili. Mwezi wa Ramadhani anayetumia omeprazoli mara moja kwa siku ameze lini? Na mgonjwa aliyemaliza dawa za H. pylori (bakteria wa vidonda vya tumbo) akipimwa tena damu na kipimo kikasema bado yupo, tunarudia dozi?

#5 sista_iganga

Nijibu la Ramadhani, huku kwetu Iganga linaulizwa kila mwaka.

Rahisi zaidi ni jioni. Adhana ya Magharibi ikiita, afungue kwa maji na kapsuli yake, tende moja si neno, akaswali, kisha ndipo aketi kwenye futari. Muda wa kuswali na kuandaa meza unatosha nusu saa kama hakimbilii sambusa. Daku pia inawezekana lakini inabidi aamke mapema zaidi, ameze, asubiri, ndipo ale. Wengi wanaamka dakika ya mwisho, wanameza na chakula pamoja. Anayetumia mara 2 kwa siku anahitaji zote mbili. Mwenye kidonda kinachovuja damu, au aliyetapika damu juzi, aambiwe waziwazi na daktari kuhusu kufunga. Muuguzi asimwachie aamue peke yake.

Na futari yenyewe: mafuta mengi, pilipili, kahawa, kisha kulala saa hiyo hiyo. Angalau saa 2 hadi 3 kati ya chakula na kulala, na upande wa kichwa wa kitanda uinuliwe kwa matofali chini ya miguu ya kitanda. Mito miwili haisaidii, inakunja tumbo tu.

#6 mfamasia_arua

Mwanafunzi, swali lako la pili ni zuri kuliko unavyodhani. USIRUDIE dozi kwa kipimo hicho.

Kipimo cha damu kinatafuta kinga ya mwili dhidi ya bakteria, na kinga hiyo inabaki miezi hata miaka baada ya bakteria kufa. Kitasema "yupo" kwa mtu aliyepona kabisa. Cha kuthibitisha kupona ni kipimo cha choo cha antijeni au kile cha pumzi. Masharti: wiki 4 zimepita tangu antibiotiki ya mwisho, na omeprazoli imeachwa wiki 2. Akipimwa akiwa bado kwenye omeprazoli, bakteria wanakuwa wachache na kipimo kinaweza kusema hawapo kumbe wapo. Katika wiki hizo 2 kiungulia kikimsumbua, magnesiamu ya kutafuna inaruhusiwa.

Kuhusu dozi yenyewe, mhesabie mgonjwa vidonge mbele yake. Omeprazoli 20 mg x 2, amoksisilini 1 g x 2 (kapsuli 2 za 500 kila mara), klarithromisini 500 mg x 2, siku 14. Hiyo ni kapsuli 28 za omeprazoli, 56 za amoksisilini na vidonge 28 vya klarithromisini, jumla 112. Wengi hawana pesa za vyote, wananunua vya siku 5 na kusema "nitarudi". Afadhali kusubiri hadi pesa zitimie kuliko kuanza nusu, kwa sababu bakteria waliobaki hawataisikia klarithromisini tena. Mdomo utakuwa mchungu kama amelamba sarafu. Mwambie kabla, asije akadhani ni sumu. Mwenye mzio wa penisilini haguswi na amoksisilini. Anapewa metronidazoli mahali pake.

#7 kijana_wa_famasi

Hapo kwa metronidazoli: pombe hairuhusiwi mpaka siku 2 baada ya kidonge cha mwisho, na tinidazoli siku 3. Ila mtu ukimwuliza "unakunywa pombe?" anakwambia hapana, akimaanisha bia. Taja kwa jina: waragi, malwa, tonto, hata bushera iliyokaa siku nyingi ikachachuka. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai nzito asiogope, ni dawa.

Tena tuache kumpa Flagyl (ndiyo hiyo metronidazoli) kila anayeharisha. Mtoto mwenye choo cha maji anahitaji maji ya chumvichumvi na zinki, basi.

#8 mkunga_busia

Kaka umesema kweli, na huko kwenye maji ya chumvichumvi ndiko kunaharibika zaidi. Niruhusuni niseme kwa urefu.

Pakiti ya ORS (unga wa maji ya chumvichumvi) ya kawaida ina gramu 20.5 na inataka LITA MOJA ya maji safi. Zipo pia ndogo za nusu lita na za 200 ml, kwa hiyo soma pakiti kabla hujafungua mdomo. Mama akitia pakiti ya lita kwenye kikombe kimoja cha tumpeco, chumvi inakuwa maradufu: mtoto anazidi kuwa na kiu, analia, chumvi ya damu inapanda, anaweza kudegedega. Akitia kwenye maji mengi mno, haisaidii. Tumpeco nyingi ni karibu nusu lita lakini si zote. Mwambie aje na chombo chake, au atumie chupa tupu ya maji ya 500 ml, mara mbili kamili. Achemshe maji KWANZA, yapoe, ndipo atie dawa. Asichemshe baada ya kuchanganya, asiongeze sukari, asichanganye na soda wala maziwa. Kinachobaki baada ya saa 24 kimwagwe.

Kiasi: chini ya miaka 2, 50 hadi 100 ml kila baada ya choo cha maji, miaka 2 na zaidi, 100 hadi 200 ml. Kwa kijiko au kikombe, polepole. Akitapika, subirini dakika 10, anzeni tena taratibu zaidi. Mtoto aliyekwisha kukauka kiasi anakaa kituoni: 75 ml kwa kila kilo katika saa 4, yaani mtoto wa kilo 10 anywe 750 ml. Aliyelegea, asiyeweza kunywa, huyo ni wa dripu. Msikae naye na kijiko.

Zinki: 20 mg kila siku kwa siku 10, chini ya miezi 6 nusu kidonge. Kidonge kinayeyushwa kwenye kijiko cha maziwa ya mama au maji, hakimezwi kizima. Akikitapika ndani ya nusu saa, rudia. Na mama aambiwe kuharisha kunaweza kukoma siku ya 3 lakini zinki iendelee hadi ya 10, maana inamlinda miezi inayofuata. Vidonge 7 vinavyobaki ndivyo huwa anapewa jirani.

Kuna jambo wengi hawalioni: mtoto mwenye damu chooni anapewa siprofloksasini (antibiotiki) NA zinki. Zinki inaishika siprofloksasini kama magnesiamu inavyoishika TLD. Siprofloksasini saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, zinki saa 8 mchana, katikati kabisa.

Loperamidi (ya kuzuia kuharisha) kwa mtoto: hapana. Kwa mtu mzima mwenye homa au damu chooni: hapana vilevile. Unafungia sumu ndani.

#9 sista_iganga

Mkunga, na mama wajawazito wenye kiungulia?

#10 mkunga_busia

Wale kwanza waulize kuhusu emumbwa na udongo mwingine wanaotafuna. Udongo unashika dawa na madini ya chuma, halafu tunashangaa damu haipandi. Usimgombeze, atakuficha tu. Mwambie autenge mbali na dawa, kisha taratibu aupunguze.

Magadi ya kupikia kwa kiungulia, hapana, yana chumvi nyingi, hasa kwa mwenye presha. Magnesiamu ya kutafuna inafaa, saa 2 mbali na kidonge cha chuma. Mjamzito aliye kwenye TLD anaweza kumeza TLD na chuma pamoja mradi ANAKULA wakati huo huo. Kwa mfano vyote viwili na chakula cha saa 2 usiku, magnesiamu saa 4.

Na choo cheusi. Chuma kinatia choo weusi au kijani kibichi sana, lakini kinabaki choo cha kawaida. Choo cha damu ya tumboni ni kama lami, kinanata, kinanuka vibaya. Huyo anakwenda hospitali leo.

#11 kijana_wa_famasi

Wa mwambao wa Ziwa Albert na Nile huko Pakwach wakitapika damu, si lazima iwe vidonda. Kichocho cha matumbo kinaharibu ini, mishipa ya umio (njia ya chakula) inavimba na kupasuka. Kumpa omeprazoli arudi nyumbani ni kumpoteza. Mshipa ufunguliwe kwa kanyula (sindano ya dripu), damu ipimwe kundi, gari liitwe.

#12 mwanafunzi_diploma2

Nashukuru. Metoklopramidi (ya kuzuia kutapika) nayo? Wodini wanaisukuma haraka haraka.

#13 nesi_mpondwe

Haraka ndiyo kosa. Ampuli ya 10 mg katika 2 ml isukumwe kwa dakika 3 au zaidi, ukiangalia saa ya ukutani. Ikisukumwa kwa sekunde chache mgonjwa anashikwa na wasiwasi mkali, anataka kung'oa kanyula na kukimbia, na wodi nzima inasema ana mapepo.

La pili ni misuli kukaza: shingo inapinda, macho yanapanda juu, ulimi unatoka, taya linakaza. Huwapata zaidi vijana na wasichana, mara nyingi ndani ya siku 1 hadi 3. Ndugu hudhani ni kifafa au pepopunda, na wahudumu wengine huanza dawa ya malaria kali. Mgonjwa ana akili zake timamu, anakusikia, na hiyo ndiyo alama ya kuitofautisha na kifafa. Simamisha dawa, mwite daktari. Bensheksoli au promethazini huifungua haraka. Andika kwenye faili kwa herufi kubwa asipewe tena.

Mwisho wake ni 30 mg kwa siku kwa mtu mzima, siku 5. Asiye na mwaka mmoja hapewi. Na kabla ya kuitoa, gusa tumbo: limejaa, gumu, hajatoa hewa wala choo? Utumbo huenda umeziba, na dawa hii inausukuma dhidi ya ukuta. Ondoa sindano, piga simu.

Promethazini yenyewe ni ya msuli, ndani kabisa. Ikivuja nje ya mshipa inaweza kuua nyama ya mkono. Chini ya miaka 2 haitolewi.

#14 mtunza_baba

Mimi si muuguzi, niwieni radhi. Namtunza mzee wangu anayetumia mofini ya maji kwa saratani. Amefunga choo siku 4, nimepewa bisakodili ya kumeza na ya kuweka nyuma. Naitumiaje?

#15 sista_iganga

Karibu, na pole kwa kuuguza. Kwanza: anatoa hewa? Tumbo limevimba na anatapika? Kama hatoi hewa na anatapika, usimpe chochote, mpeleke.

Kama anatoa hewa: ya kumeza ni usiku, inafanya kazi saa 6 hadi 12 baadaye, hivyo asubuhi. Asitafune, usisage, na isikaribiane na maziwa wala magnesiamu kwa saa moja, ganda litayeyukia tumboni na kumkata vibaya. Mofini inafunga choo siku zote, mwili hauzoei, kwa hiyo dawa ya choo inakwenda pamoja na mofini kila siku. Usisubiri siku 4 nyingine. Waliomwandikia mofini wakupangie dozi ya kila siku. Maji ya kutosha kama anaweza kunywa.

Ya kuweka nyuma: alale ubavu wa kushoto, goti la juu likunjwe. Vaa glavu, lowesha ncha kwa maji, isukume kwa kidole mpaka ipite ule msuli, kisha iegemeze UKUTANI mwa njia ya haja. Ukiichomeka katikati ya choo kigumu haitafanya kitu. Abaki amelala, choo kitakuja kati ya dakika 15 na saa moja, kwa hiyo ndoo au beseni liwe karibu kabla hujaanza.

#16 mtunza_baba

Asante sana sista. Imelainika kwa joto, inapinda.

#17 mfamasia_arua

Usiifungue. Itie na karatasi yake kwenye maji baridi ya mtungi dakika chache, ikishakaza ndipo uivue. Zilizobaki zihifadhi mahali penye baridi kuliko pote ndani ya nyumba, mbali na bati.